Anayeuguza Naye Ana Mwili

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kutoka kituoni na mkoba wangu, nikipita boma hadi boma kuwaona wagonjwa wasioweza kufika kliniki.

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila ongeza sauti ya redio kidogo. Kama uko kando ya kitanda cha mgonjwa, vuta kiti ukae. Leo hatuzungumzi juu ya mgonjwa. Tunazungumza juu yako wewe.

Siku nyingine tukikutana hapa tunaelezana mgonjwa ale nini, anywe dawa saa ngapi na ageuzwe vipi kitandani. Leo tumzungumzie yule anayempikia, anayemwosha, anayeamka usiku akisikia amekohoa. Je, mama, ni nani aliyekuuliza mara ya mwisho wewe umelalaje?

Nitaanza na kisa kilichonifunza mimi mwenyewe. Mwenye kisa ameniruhusu nikisimulie, mradi nisimtaje jina.

Mama huyu alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Mama mkwe wake alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakawa hayatoki vizuri. Mume alikuwa akifanya kazi mbali, shemeji na wifi kila mmoja ana kwake, basi mzigo ukamwangukia yeye. Saa 11 alfajiri yuko macho. Awashe moto, achemshe maji, awatoe watoto waende shule, amwoshe nyanya, ambadilishe, amlishe uji kijiko kwa kijiko, kisha akimbilie shambani kabla jua halijawa kali. Usiku alilala kwenye mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mimi nilikuwa nikifika pale kila baada ya wiki 2. Nilimpima nyanya presha, nikatazama mgongo na makalio kama kuna vidonda, nikahesabu dawa, nikaandika kitabuni. Kisha nilikunywa chai ya yule mama, nikamwambia, "Unafanya kazi nzuri mama, Mungu akubariki," nikaenda zangu.

Jambo moja lilikuwa likinisumbua. Dawa za presha za nyanya zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi kwisha. Tunampa za siku 30, ikifika siku ya 22 au 23 hakuna kitu. Nilidhani labda watoto wanazichezea. Nilipouliza, mama alinijibu, "Labda nilihesabu vibaya, sista."

Siku moja nimemaliza kumpima nyanya, nakunja mashine yangu. Nyanya akainua ule mkono wake mzima, akamwonyesha mkaza mwana wake. Akasema kwa shida, "Na huyu." Yule mama akacheka. "Wacha, mama. Mimi si mgonjwa, mgonjwa ni wewe." Nyanya akarudia, "Na huyu."

Nikampima. Mashine ikasoma 190 kwa 115. Nilidhani imekosea. Nikamwambia akae atulie dakika 5, nikampima mkono wa pili. Karibu ilikuwa ile ile. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa tuliyekuwa tukimtibu.

Ndipo akanifungulia moyo. Alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wake, kliniki walimwambia presha iko juu, akishajifungua arudi apimwe tena. Hakurudi. Sasa kichwa kikimuuma sana alikuwa akichukua tembe ya nyanya na kuimeza. "Niliona aibu kukuambia, sista. Tena niliogopa. Mimi nikipatikana mgonjwa, nani atamwangalia huyu?"

Tazameni hali ilivyokuwa. Nyanya alikuwa akikosa dawa karibu wiki nzima kila mwezi, na mgonjwa wa kiharusi akikosa dawa ya presha yuko katika hatari ya kupatwa na kiharusi cha pili. Mama naye alikuwa akimeza dawa ambayo hakuandikiwa, siku za kichwa kuuma peke yake. Wagonjwa wawili, dawa za mmoja, na hakuna aliyekuwa akitibiwa sawasawa.

Na kosa lilikuwa langu pia. Kwa miezi 14 nilikuwa nikiingia katika nyumba ile na mashine ya presha mkononi, na sikumpima yule mama hata siku moja. Niliona mikono yake inavyomhudumia mgonjwa, sikumwona mwenye mikono. Jioni ile niliporudi kituoni nilimwomba mwenzangu anipime na mimi, kwa maana hata mimi nilikuwa sijapimwa zaidi ya miaka 2. Nilikuwa mwalimu wa wengine.

Kwa hivyo neno langu la leo ni moja, na ningependa ulishike: tarehe yako wewe ya kliniki ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa wako.

(Muziki mfupi)

Wapenzi wasikilizaji, tunaendelea. Nijuaje kwamba kazi ya kuuguza imeanza kunila? Sikiliza dalili hizi, ujihesabu mwenyewe kimya kimya.

Umechoka sana lakini ukilala usingizi hauji. Unasahau mambo: umeweka sufuria motoni ikaungua, umesahau kama mgonjwa amepewa dawa au la. Kichwa, shingo au kiuno kinauma siku nyingi. Unakula kwa kusimama, au unakula mabaki ya mgonjwa tu. Umeacha kwenda chama, kanisani au msikitini. Machozi yanatoka bila sababu. Hasira inakujaa kwa jambo dogo, uji ukimwagika tu unataka kupiga kelele. Au umeanza kutegemea pombe au dawa za maumivu ili siku ipite.

Ukijiona katika mambo 2 au 3 kati ya hayo, na yamekaa zaidi ya wiki 2, usiyaite uvivu. Mwili unakuambia umezidiwa. Njoo kituoni tuzungumze.

Niseme kidogo juu ya hasira, kwa sababu hapa akina mama hunong'ona. "Sista, jana nilimfokea mgonjwa hadi akalia." Wengine huniambia walitamani Mungu amchukue apumzike, kisha usiku kucha wakajilaumu. Mama, mawazo hayo huwajia watu wengi wanaouguza kwa muda mrefu. Hayamaanishi humpendi mgonjwa wako. Yanamaanisha nguvu zimekwisha. Ukihisi mkono unataka kuinuka, hakikisha mgonjwa amelala mahali salama, toka nje, nawa uso, vuta pumzi polepole, na urudi ukishatulia. Halafu mwambie mtu siku hiyo hiyo. Usingoje ifike mara ya tatu.

Na ikiwa umefika mahali pa kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mgonjwa au mtoto, hiyo ni dharura kama vile kutokwa na damu nyingi. Nenda kituo cha afya siku hiyo, usiende peke yako. Unaweza pia kupiga simu nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kupiga ni bure, na utapata mtu wa kuzungumza nawe.

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya. Sitakuambia uende ukapumzike ufuoni. Najua hali ilivyo nyumbani. Nitakueleza yanayowezekana.

La kwanza ni kupimwa. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Mtu huitembeza miaka, siku ya kwanza kujulikana anaanguka. Pimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ukishaambiwa iko juu. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, unahitaji kuonwa na daktari. Kama uliwahi kuambiwa presha imepanda ukiwa mjamzito, wewe usikose, kwa kuwa wanawake hao wako katika hatari zaidi baadaye. Ukiwa hapo kliniki, pima na sukari. Kama una umri kati ya miaka 25 na 49, uliza pia kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Na kama wewe mwenyewe una dawa zako, ziwe za presha, za sukari au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, usiruke hata siku moja kwa sababu ya kumshughulikia mwingine.

Usimeze dawa za mgonjwa wako. Dawa inayomfaa yeye yaweza kukudhuru wewe, na kila tembe unayochukua ni siku moja ambayo yeye atakosa.

Najua mtasema, "Sista, hata nauli sina." Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii waligawiwa mikoba ya kazi yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Yule anayepita kwako kumwona mgonjwa, mwambie, "Na mimi nipime." Usione haya. Pia kumbukeni kwamba tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Jisajili kwa simu ukibonyeza *147#, wewe na jamaa zako. Ukishasajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya serikali hutakiwi kuzilipia. Ukikuta dawa imekwisha, usirudi nyumbani ukanyamaza. Uliza itapatikana kituo gani.

La pili ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za kulala. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza naye anahitaji kugeuzwa, mchana ni kila baada ya muda wa saa 2. Mtu mmoja hawezi kufanya hayo mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi. Gawanyeni usiku mara mbili. Mmoja ashike zamu hadi saa 7 usiku, mwingine aanzie hapo hadi asubuhi. Zamu yako ikiisha, lala chumba kingine kama kipo. Ukilala kando ya mgonjwa hutalala, utasikiliza pumzi zake. Kama usiku haukuwa mzuri, mgonjwa akilala mchana, lala na wewe. Vyombo havitakimbia.

La tatu ni chakula na maji. Unapompakulia mgonjwa, jipakulie na wewe wakati huo huo, ukae chini ule. Si lazima kiwe cha bei. Githeri, ndengu, maharagwe, omena, sukuma wiki, uji wa wimbi, hivyo vinatosha kumpa nguvu mtu anayefanya kazi. Weka chupa ya maji karibu, unywe mara kwa mara. Kama presha iko juu, punguza chumvi ya kupikia na usiongeze nyingine mezani.

La nne ni mgongo. Akina mama wengi wanaouguza huja kwangu na kiuno. Usimnyanyue mgonjwa mzito peke yako. Tandika leso imara iliyokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili mshike kila mmoja upande wake, mumsogeze pamoja bila kumburura. Unapoinua, kunja magoti, nyoosha mgongo, msogelee mgonjwa karibu na mwili wako. Kitanda kikiwa chini sana, piga goti moja sakafuni badala ya kuinama.

La tano ni kujikinga na maambukizo. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kumhudumia. Kibuyu chirizi mlangoni kinatosha. Unaposhika damu, choo, mkojo au kidonda, vaa glavu. Ukikosa, tumia mfuko safi wa plastiki usiotoboka, kama ule wa mkate, kisha nawa. Kama mgonjwa wako ana kifua kikuu, fungua madirisha hewa ipite, na wote mnaoishi naye mpimwe. Ukianza kukohoa, kutokwa na jasho usiku au kupungua uzito, usiseme ni uchovu. Kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

(Muziki mfupi)

Jambo la mwisho ni familia, na hapa naomba akina baba, wana na shemeji wasogee karibu na redio.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwako unaonekana mwepesi kwa sababu hujaubeba. Mkipiga simu nyumbani mnauliza, "Mama anaendeleaje?" Mkijibiwa "hajambo", mnashukuru na kukata. Ulizeni na swali la pili: "Na wewe unaendeleaje?"

Najua mila nyingi haziruhusu mwana kumwosha mamake. Sawa. Lakini hakuna mila inayomkataza kuteka maji, kupika uji, kushika zamu ya usiku, kumpeleka mgonjwa kliniki au kuketi naye Jumamosi moja. Aliye mbali anaweza kutuma pesa za glavu na nepi za watu wazima kila mwezi, au aje kwa wiki moja mwenye kuuguza apumzike.

Na wewe mama, jifunze kuomba. Ukisema tu "nisaidieni", kila mmoja atadhani mwingine atasaidia. Taja mtu, taja kazi, taja saa. "Wifi, Jumamosi hii kutoka saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, wewe utakaa na mama, mimi naenda kliniki." Mwonyeshe dawa ziko wapi, namna ya kumgeuza na namna ya kumlisha. Hatafanya kama wewe. Uji utakuwa mzito, shuka haitakunjwa unavyopenda. Nyamaza. Mgonjwa akishibishwa na akiwa mkavu, imetosha.

Wengine huniuliza, "Sista, huo si ubinafsi? Mgonjwa analala kitandani, mimi naenda kujishughulikia?" Nami huuliza, ukianguka leo, kesho asubuhi nani atampa dawa? Mara nyingi mama hunyamaza, kwa sababu jibu ni hakuna mtu. Basi kumbe mwili wako ndio nguzo ya nyumba ile. Nguzo inayoliwa na mchwa hutengenezwa mapema, paa likiwa bado juu.

Haya yote yanakuhusu pia wewe unayelea mtoto mwenye ulemavu, wewe unayenyonyesha mapacha, na wewe nyanya uliyeachiwa wajukuu. Hujaitwa muuguzi, lakini kazi ni ile ile.

Mtataka kujua yule mama aliishia wapi. Siku ile ile tulimpeleka hospitali kwa boda boda, jirani akabaki na nyanya. Alipewa dawa zake mwenyewe, akaambiwa zitakuwa za kila siku. Wiki iliyofuata niliketi na familia nzima. Haikuwa rahisi. Shemeji mmoja alisema, "Kwani wake wengine wamewezaje?" Nikaweka mbele yao kadi mbili za presha, ya mama yao na ya mkaza mwana, nikawaacha wasome. Hatimaye walipanga zamu. Wifi akachukua Jumamosi. Kijana mkubwa wa nyumbani akachukua nusu ya usiku siku za likizo. Mambo hayakwenda sawa kila wiki, lakini yule mama alikosa kliniki mara moja tu mwaka ule. Na dawa za nyanya zikaanza kufika mwisho wa mwezi.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata, nyumbani kwake, mgongo hauna kidonda hata kimoja. Mkaza mwana wake yuko hai. Kila asubuhi anameza dawa yake kabla ya kwenda shambani. Husema mashine ile alifungwa na mama mkwe wake, si mimi.

Kabla hatujaagana, nakupa kazi 3 za wiki hii. Moja, pimwa presha na uandike nambari zako mahali utakapoziona. Mbili, mtaje mtu mmoja, kazi moja na saa moja, umwombe. Tatu, lala usingizi wa kutosha angalau usiku mmoja wiki hii, mtu mwingine akiwa zamu.

Na kama unaye jirani anayeuguza, usipeleke unga peke yake. Ukiweza, kaa na mgonjwa wake saa moja, yeye aoge, ale, alale kidogo.

 Tukutane wiki ijayo. Hadi hapo, mwangalie mgonjwa wako, na ujiangalie na wewe. Kwaherini.